Tulivyoingia Mikindani kwa Mashua

Mara nyingi sisi akina mama tukisikia neno utalii tunawafikiria Wazungu wenye kofia pana wakielekea Serengeti. Safari zetu sisi ni za msiba, za harusi, za kumpeleka mtoto shule ya bweni, au za kwenda kumuuguza mkwe. Kwa hiyo mwaka jana, kikundi chetu cha akina mama wa kanisa hapa Mtwara kilipomaliza mzunguko wa upatu na fedha kidogo zikabaki kwenye sanduku, mwekahazina wetu alipendekeza jambo ambalo mwanzoni tulilicheka. Alisema, "Twendeni tukatembee." Tukamwuliza, wapi? Akajibu, "Hapa hapa kwetu."

Ndivyo tulivyopanga safari ya siku mbili, yote kwa mashua. Siku ya kwanza tungekwenda mdomo wa Mto Ruvuma, na siku ya pili Mikindani, mji wa kale ambao Wajerumani waliujengea boma mwaka 1895. Waume zetu walituuliza kwa nini twende Mikindani kwa maji wakati barabara ya lami ni kama kilomita kumi tu na daladala zipo kutwa. Mama Mchungaji ndiye aliyewajibu. Alisema mji ule uliutazama bahari miaka mingi kabla ya barabara, na mtu anayeingia kwa barabara anaingia kwa mlango wa jikoni. Sisi tulitaka kuingia kwa mlango wa mbele, angalau mara moja.

Tulikuwa akina mama kumi na wanne. Siku mbili kabla ya safari wakaongezeka wengine wawili: mama mkwe wa katibu wetu, ambaye umri wake umepita miaka 80, na mjukuu wake wa kidato cha tatu wa kumshika mkono. Bibi huyu anakaa hapa mjini kwa mwanawe na hatoki nyumbani ila kwa ibada na kliniki ya presha. Aliposikia mkwewe akitaja Mikindani alisema tu, "Nami nitakwenda." Hakueleza sababu. Sisi wauguzi tulimpima, tukahesabu vidonge vyake, tukakubali.

Siku ya kwanza hatutaieleza kwa kirefu, maana ilikuwa ya jua na maji tu. Tulikwenda kwa gari hadi Msimbati kupitia Madimba, kwenye mtambo wa gesi, na pale tukapanda mashua tukiwa na kibali cha Hifadhi ya Bahari ya Ghuba ya Mnazi na Maingilio ya Mto Ruvuma, iliyoanzishwa mwaka 2000. Tangu machafuko ya Cabo Delgado yaanze ng'ambo ya pili mwaka 2017, hakuna anayezurura ovyo katika maji yale, nasi tulibaki upande wetu na kutii tulichoambiwa. Mikoko imesimama kama ukuta kila upande. Maji ya mto ni ya rangi ya chai ya maziwa, na yanapokutana na bahari unaona mstari kabisa, kama mtu aliyeuchora kwa chaki.

Katika mdomo ule ule, mwezi Machi mwaka 1866, alifika Dakta David Livingstone akitokea Zanzibar kwa manowari ya Kiingereza iitwayo Penguin, akianza safari yake ya mwisho barani. Mto aliujua, kwani alikwisha kuupanda mwaka 1861 na 1862. Lakini safari hii alikuja na wanyama: ngamia sita, nyati, nyumbu na punda, akitaka kujaribu kama wangeweza kustahimili mbung'o. Ndugu msomaji, jaribu kumshusha ngamia katika tope la mikoko! Ilishindikana, wakageuza kurudi kaskazini kutafuta ufuko mkavu, wakaupata Mikindani. Kwa hiyo nasi, bila kukusudia, tulikuwa tunaifuata njia ya Dakta: Ruvuma kwanza, kisha Mikindani. Tofauti ni kwamba sisi tulirudi kulala nyumbani na kupika chakula cha jioni kama kawaida.

Asubuhi ya pili tulikusanyika ufukweni saa moja. Mwenye mashua alikuja na jaketi okozi kumi na moja, nasi tulikuwa abiria kumi na sita. Akasema bahari ni shwari na safari ni fupi, tena akina mama kadhaa walikuwa wamekwisha kuinua kanga zao kuanza kupanda. Sisi tuliofanya kazi wodini tunajua maneno hayo ya "safari ni fupi" yanavyoishia. Tulikaa chini mchangani na kumwambia kuwa tutasubiri. Baada ya kama dakika arobaini jaketi tano zikaletwa, moja bila kamba, tukaifunga kwa kitambaa cha kichwani. Mama msomaji, usione haya kukaa mchangani kwa ajili ya jambo hili. Nahodha hatakuona mshamba, na hata akikuona mshamba utafika.

Tulipita mbele ya bandari yetu, na kwa mara ya kwanza wengi wetu tuliiona kutoka upande wa maji. Kina chake kikubwa ni cha asili. Meli hukaribia nchi kavu kama gari linavyokaribia baraza. Waingereza waliijenga kwa ajili ya karanga. Mwaka 1947 walianza mpango mkubwa wa kulima karanga huko Nachingwea, wakatandika reli, wakajenga gati lililokamilika mwaka 1954 wakati mpango wenyewe ulikwisha kufa. Reli iling'olewa miaka ya 1960. Siku hizi ni korosho ndizo zinazoipa gati kazi, na ilikuwa Oktoba, msimu unaanza, harufu ya mabibo imejaa hewani.

Baada ya bandari unapita mlango mwembamba kati ya Shangani na Msangamkuu, na mawimbi ya nje yanaanza kukunyanyua. Wawili wetu walitapika. Tangawizi mbichi ya kutafuna iliwasaidia, na zaidi ya tangawizi, kukaza macho kwenye kitu kisichosogea nchi kavu. Nahodha aligeuza kushoto, tukaenda sambamba na pwani, na baadaye kidogo akatafuta mdomo wa ghuba ya Mikindani maji yakiwa yanajaa. Alitaka tuingie kwa maji kujaa na tutoke kabla hayajapwa sana, tusije tukalala matopeni.

Ndani ya ghuba mawimbi yanakoma mara moja. Ni kama kuingia ndani na kufunga mlango. Ngalawa zimetulia, minazi imeinama, na kitu cha kwanza kuonekana juu ya mapaa ya mji ni boma lenyewe, jeupe, lina mnara, limekaa kwenye mteremko wa kilima likiitazama ghuba yote. Hatukuhitaji kuambiwa kwa nini lilijengwa pale. Chochote kinachoelea juu ya maji yale, mtu aliyeko mnarani anakiona. Bibi alikuwa amekaa mbele ya mashua na mjukuu wake, naye alikuwa analitazama bila kusema neno.

Tulishuka kwa kukanyaga maji, mabinti wa mjini wakitucheka kwa upole. Ni mji wa Waislamu kwa sehemu kubwa, nasi tulikuwa tumejitanda kanga vizuri, tukaamkia wazee barazani. Salamu zetu ziliitikiwa kwa ukarimu ambao haupatikani sokoni kwetu. Tuliongozwa na kijana mtembezaji ambaye alituita "mama zangu" tangu dakika ya kwanza na akatushika mikono penye mawe.

Nyumba za kale za Mikindani zimejengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa, na boriti za mikoko zinabeba dari. Nyingine zina roshani za mbao zilizochongwa na milango ya nakshi kama ya Zanzibar. Nyingi zimebomoka, na miti imeota ndani vyumbani. Kijana alituambia kwamba jina la mji wazee hulieleza kuwa limetokana na mikinda, yaani minazi michanga. Mwenzetu mmoja alisimama muda mrefu mbele ya mlango mmoja wa nakshi ambao nyuma yake hakuna nyumba tena, ila mpapai na kuku. Mlango ulikuwa umefungwa kwa kufuli.

Bibi alisema miguu yake haitakubali kilima. Tulimwacha kwenye kivuli pamoja na mwenye duka mmoja aliyempa kiti, tukapanda bomani. Kuta ni nene kiasi kwamba ukisimama ndani joto la nje unalisahau. Kuna ua katikati, na ngazi za kupanda mnarani. Baada ya makao ya serikali kuhamia Mtwara mwishoni mwa miaka ya 1940, boma lilichakaa polepole, hadi shirika la hisani la Uingereza liitwalo Trade Aid lilipolikarabati mwishoni mwa miaka ya 1990 na kulifanya hoteli, pia mahali pa kuwafundishia vijana wa hapo kazi za hoteli.

Kijana alitusimulia juu ya boma hili mambo ambayo shuleni tuliyapita haraka. Mwaka 1888 kampuni ya Kijerumani ilipokuja kushika forodha za pwani, watu wa Mikindani na Lindi waliikataa, na maofisa wake wakakimbia. Wajerumani walirudi Mei 1890 wakiwa na jeshi la Hermann von Wissmann. Mwaka huo huo Wissmann alimwita Machemba, mtawala wa Wayao aliyekaa juu ya uwanda wa Makonde, aje kujisalimisha. Machemba alimjibu kwa barua iliyoandikwa kwa Kiswahili, akisema haoni sababu ya kumtii mtu asiyemjua, na kwamba yuko tayari kwa urafiki lakini si kwa utumwa. Alishikilia msimamo huo kwa miaka tisa. Mwaka 1899 jeshi lilipanda uwanda, naye akavuka Ruvuma kwenda upande wa Wareno. Wakati huo ilikwisha kuletwa kodi ya kibanda, kuanzia rupia 3 kwa nyumba. Mwanamume mwenye wake wawili alikuwa na vibanda viwili, kwa hiyo alidaiwa mara mbili, na tunaweza kukisia ni nani waliobeba ufuta na mtama hadi sokoni kuzitafuta hizo rupia.

Hapo ndipo yalipotokea mabishano. Wahudumu walitukaribisha soda barazani, na katibu wetu akasema yeye hawezi kukaa kwenye kiti cha mto na kunywa kitu baridi mahali ambapo watu walipigwa viboko. Mwekahazina alimjibu kuwa Mjerumani aliondoka Septemba 1916 Waingereza walipoingia, kwamba soda ile haimlipi Mjerumani bali inamlipa binti wa Mikindani aliyeibeba kwenye sinia, na kwamba yeye ana kiu. Tuligawanyika. Wengine walikunywa, wengine walisimama ukutani wakitazama bahari. Tukiulizwa maoni yetu, tungesema wote wawili walikuwa na haki, ila aliyesimama ukutani aliona zaidi. Kutoka pale mji wote umelala chini kama mkeka, na unaweza kuhesabu kila anayepita.

Tuliposhuka, tulionyeshwa nyumba yenye kibao kinachomkumbuka Livingstone. Alishuka hapa tarehe 24 Machi 1866 na kukaa hadi mwanzo wa Aprili, akipumzisha wanyama na kutafuta wapagazi. Hatukuona sababu ya kubishana kama ni nyumba ile hasa au nyingine ya jirani. Lililotushika ni wale aliokuwa nao. Kijana mmoja aliitwa Chuma, Myao, aliyekuwa ametolewa katika msafara wa watumwa mwaka 1861 akiwa mtoto. Huyu na mwenzake Susi ndio walioongoza kundi lililoubeba mwili wa Dakta kutoka kijiji cha Chitambo, alikofia Mei 1873, hadi pwani ya Bagamoyo Februari 1874. Majina yao yamo vitabuni. Aliyesahaulika zaidi ni Halima, mpishi wa Livingstone, aliyejiunga naye baadaye katika safari zile na kutembea pamoja na msafara ule wa mwili. Tulipomtaja Halima, kijana mtembezaji alikiri kuwa hajawahi kuulizwa habari zake. Tukamwambia sasa ameulizwa.

Kutoka Mikindani Livingstone alifuata bonde la Ruvuma kuelekea Ziwa Nyasa. Ilikuwa ndiyo njia ya misafara ya watumwa, ila wao walikuwa wanaishuka wakati yeye anaipanda. Mwezi Juni aliandika habari za mwanamke aliyemkuta amefungwa shingo kwenye mti, amekufa. Watu wa pale walimweleza kwamba alishindwa kwenda na wenzake, na bwana wake hakutaka aponee mikononi mwa mtu mwingine. Kwa sababu ya misafara hiyo Wamakonde wengi walijikusanya juu ya uwanda, ambako hakuna maji, kwa kuwa mahali pasipo na maji mkamata watu hapapendi. Sisi tuliofanya kazi Newala katika ujana wetu tuliona akina mama wakishuka mabondeni alfajiri na ndoo kichwani, na tulilaumu jiografia. Hakuna aliyetuambia kuwa bibi zao walichagua kiu.

Tuliporudi dukani, kiti cha Bibi kilikuwa kitupu.

Tulimkuta mbele ya jengo ambalo wenyeji wanaliita Soko la Watumwa, jengo la matao ya mawe, si mbali na pale tulipomwacha. Alikuwa amesimama peke yake, mkono mmoja ukutani. Tulidhani presha imepanda, tukamshika kumkalisha. Alikubali kukaa kwenye ngazi, lakini alitusukuma mkono tulipotaka kumpima. Kisha akamwita mkwewe na mjukuu wake wakae karibu, nasi wengine tukasimama tusijue kama tuondoke au tusikilize. Alituambia tubaki.

Alisema nyanya yake, mama mzaa mama yake, alifika Mikindani akiwa mtoto ambaye meno yake ya mbele ndiyo kwanza yalikuwa yameota tena. Aliletwa na msafara kutoka karibu na Ziwa Nyasa. Kwa hesabu tuliyofanya na Bibi ilikuwa karibu na mwaka 1888. Soko la Zanzibar lilikwisha kufungwa mwaka 1873 na biashara ya baharini ilikatazwa, lakini Kusini huku watu waliendelea kuletwa kwa siri. Mtoto yule hakupelekwa ng'ambo. Alinunuliwa na nyumba moja hapa hapa mjini, akapewa jina jipya, akalelewa jikoni. Bibi alimjua, maana alikufa Bibi mwenyewe akiwa msichana mdogo. Anakumbuka kovu la kifundo cha mguu, na kwamba yule mzee hakuweza kulala mlango ukiwa umefungwa kwa nje.

Kuna jambo hapa ambalo wengi hatulijui. Wajerumani walisema kwao Ulaya kwamba wamekuja kuukomesha utumwa, na kweli biashara ya kuuza watu waliipiga vita. Lakini mtumwa aliyekwisha kuwa ndani ya nyumba ya mtu hawakumwachia huru kwa sheria. Walichoamua mwaka 1904 ni kwamba watoto watakaozaliwa baada ya tarehe 31 Desemba 1905 watakuwa huru. Wengine walisubiri kujikomboa kwa fedha au kupewa hati ya uhuru na serikali. Utumwa ulifutwa moja kwa moja mwaka 1922, katika utawala wa Waingereza. Mama yake Bibi alizaliwa kabla tu ya vita ya kwanza. Kwa hiyo ndani ya chumba kimoja, mkeka mmoja, chungu kimoja, binti alikuwa mtu huru na mama aliyemzaa alikuwa mali ya mtu. Ilikuwa hivyo miaka kumi, chini ya mnara ule mweupe.

Binti alipokua aliolewa Masasi. Masasi yenyewe ilianza mwaka 1876, pale Askofu Steere alipowapeleka watu waliokombolewa utumwani kuanzisha kijiji cha misheni. Ungedhani huko ndiko mahali pa kusema bila haya. Bibi alisema hata huko watu walinong'ona. Mtoto akikosana na mwenzake, tusi la mwisho lilikuwa lile lile. Kwa hiyo mama yake alimfunga mdomo, naye Bibi akawafunga midomo wanawe kwa kutowaambia lolote.

Katibu wetu alikuwa amenyamaza muda wote. Ameolewa katika familia ile zaidi ya miaka ishirini. Hatimaye alisema, na sauti yake haikuwa ya adabu ya kawaida ya mkwe kwa mama mkwe: "Mama, mlipokuja kuniposa mliuliza ukoo wangu mpaka babu wa tatu. Mlimtuma mjumbe mpaka kijijini kwetu."

Bibi akajibu, "Tuliwauliza ninyi ili msituulize sisi."

Hakuna aliyejua la kusema. Mjukuu ndiye aliyevunja kimya, kwa swali ambalo sisi watu wazima tusingethubutu: "Bibi, kwa hiyo sisi ni watumwa?"

Bibi alimtazama, kisha akatutazama sote. "Nyanya yangu alikuwa mtoto wa watu," alisema. "Alikuwa na mama yake. Alikuwa na jina. Utumwa walikuwa nao wale waliomshika." Akaomba maji ya kunywa. Tulimpima baadaye, presha yake ilikuwa nzuri kuliko ya baadhi yetu tuliokuwa tunamhofia.

Katika kazi yetu tunawauliza akina mama kila siku habari za ukoo: je, kuna kisukari, kuna selimundu, kuna aliyejifungua mapacha? Wanatwambia hata mambo ya aibu. Habari kama hii ya Bibi hatukuwahi kuipata hata mara moja, katika mkoa ambao njia zake zote za zamani zilipita hapo. Sasa tunajiuliza ni mara ngapi tumekaa nayo chumba kimoja bila kujua.

Tulikula chakula cha mchana kwa mama lishe karibu na ufuko: samaki wa nazi, ugali wa muhogo, na ming'oko ya kuchemsha ambayo wageni kutoka Dar es Salaam huishangaa kwa sababu ni mizizi ya porini. Katibu alimchambulia mama mkwe wake miba. Hawakuzungumza. Mama lishe hakutaka kupokea fedha ya chakula cha Bibi.

Kwa akina mama watakaopenda kufanya safari kama hii, tunashauri mwone kwanza nahodha kuhusu maji kujaa na kupwa, mhesabu jaketi okozi kabla ya kuhesabu nauli, mbebe maji ya kutosha na chumvi chumvi za kuongeza maji mwilini, na msipige picha za watu au milango yao bila kuomba. Mchukueni mtembezaji wa hapo hapo, naye mlipeni vizuri. Na mkiwa na mzee nyumbani anayetaka kuja, mleteni.

Saa tisa nahodha alianza kuyatazama maji kwa wasiwasi, tukapanda. Katibu alimbeba Bibi viatu vyake mkono mmoja na kumshika kiuno kwa mkono mwingine, wote wawili wakiwa ndani ya maji hadi magotini. Mashua ilipotoka nje ya ghuba na upepo kuanza kutupiga, mjukuu alitoa daftari lake la shule akafungua ukurasa wa mwisho. Bibi alimtajia majina mawili ya yule mzee: alilopewa Mikindani, na alilokuja nalo kutoka Nyasa. Majina hayo ni mali ya familia, nasi hatutayaandika hapa. La kwanza msichana aliliandika mara moja. La pili hakujua linavyoendelezwa, kwa kuwa si la Kiswahili, ikabidi Bibi alirudie mara tatu akipiga kelele juu ya mngurumo wa mashine, sisi sote tukilisikia, na nahodha pia. Katibu alichukua daftari, akalisoma kwa sauti kuona kama amepatia. Bibi akamsahihisha mara moja, kisha akakubali.

Tulipoingia mlango wa Msangamkuu taa za bandari zilikuwa zimewashwa ingawa jua halijazama. Bibi alimgeukia mwekahazina akamwuliza ni kiasi gani kimebaki kwenye sanduku. Mwekahazina akamwambia ni kidogo sana. Bibi akasema amesikia siku hizi lami imefika mpaka Mbamba Bay, na kwamba basi ni nafuu kuliko mashua.